Ukipanda Mlima Elgon, Usiulize Ndovu Pekee

Siku hizi kila msee wa Kimilili mwenye simu nzuri anapost Elgon: ndovu, mapango, nyumba za nyasi. Poa. Lakini hebu tuongee historia kidogo.

Pango la Kitum ni maarufu kwa sababu ndovu huingia humo usiku, giza totoro, kukwangua chumvi ukutani kwa pembe. Hiyo utaambiwa. Usiyoambiwa ni kwamba mapango ya mlima huu yalikuwa nyumba. Joseph Thomson alipofika 1883 alikuta watu wakiishi humo na ng'ombe wao. Serikali ya kikoloni ikawatoa. 1968, upande wa Trans Nzoia ukawa mbuga ya taifa. 2000, Chepkitale, huku kwetu Bungoma, ikatangazwa hifadhi ya wanyama, na Waogiek wakaambiwa wahame.

Sasa jiulize: kama waliharibu, mbona msitu na ndovu walikuwa bado wapo? Waogiek ni watu wa mizinga na mifugo. Asali haitoki kwa msitu uliokatwa. Sheria zao wenyewe, zimeandikwa, zinakataza kuchoma makaa. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Bungoma ikawapa haki yao.

Kurudisha wanyama ni sawa. Kufukuza wenyeji, halafu jioni kuwalipa wachezee wageni ngoma, hapana.

Ukilipia safari, uliza mwongozaji ametoka wapi na pesa inabaki kijiji gani. Wakikosa jibu, umenunua picha tu.