Miaka 43 kabla mtoto wa mlevi hajapewa kiti



Wengi wetu tumesikia ushuhuda wa namna hii siku ya Mungu. Baba anasimama mbele ya kanisa, anaeleza jinsi alivyokuwa mtumwa wa kanyanga, jinsi alivyouza sufuria za mama, jinsi alivyopiga watoto usiku hata majirani wakaamka, mpaka Yesu akamfungua. Tunapiga makofi, kwaya inaanzisha wimbo. Kwenye benchi la nyuma ameketi mtoto wake, sasa mtu mzima mwenye watoto wake mwenyewe. Naye anapiga makofi, lakini anaangalia chini. Hatumwulizi kitu.

Tulipochunguza historia ya vikundi vinavyosaidia jamaa za walevi, tuliona kwamba wenzetu wa Marekani nao walianza hivyohivyo: mlevi kwanza, kisha mke wake, na mtoto mwisho kabisa.

Mwezi wa 5 mwaka 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyomleta ilikuwa imeharibika, na sauti za watu katika baa zilikuwa zinamwita. Alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Badala ya kuingia baa, alishika simu akampigia mchungaji asiyemjua. Mchungaji akampa majina ya watu, na kwa njia hiyo akamfikia mama mmoja mwombaji, Henrietta Seiberling. Mama huyo akamkutanisha na daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa inamaliza kazi yake. Tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka huo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wasiotajana majina kamili.

Wote hao walikuwa wanakutana katika Oxford Group, mwamko ulioanzishwa na mchungaji Mlutheri, Frank Buchman. Humo watu waliungama dhambi mbele ya wenzao, wakarudisha walichoharibu kwa wengine, wakanyamaza asubuhi mbele za Mungu. Mambo hayo yakaingia katika hatua 12 za chama, zilizochapishwa mwaka 1939. Ni kweli, hatua hizo zinamwachia kila mtu amfahamu Mungu kwa namna yake, na hapo sisi Wapentekoste tunakunja uso. Lakini tusisahau zilitoka katika vyumba vya maombi.

Wanaume wakawa wanapona. Wake zao walikuwa jikoni, wanatengeneza kahawa. Lois, mke wa Bill, alisimulia mwenyewe kwamba siku moja mumewe alimharakisha waende kwenye mkutano, naye akarusha kiatu kwa hasira. Kisha akajishangaa. Pombe ilikuwa imekwisha nyumbani, hasira hii ilitoka wapi? Akatambua kwamba naye alikuwa na la kuponywa. Mwaka 1951 akaanzisha pamoja na mwenzake Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi. Mwaka 1957, kule California, kijana mmoja akaanzisha kikundi cha vijana, Alateen.

Vijana hukua. Karibu na mwaka 1978, mjini New York, baadhi ya waliotoka Alateen waliingia vikundi vya wakubwa, wakakuta mazungumzo yote ni ya mume na mke. Wao hawakuwa na mume mlevi. Walikuwa na utoto. Wakafungua mkutano wao, wakamwalika mtu aliyewazidi sana umri, anayejulikana kwa jina la Tony A. tu, mtoto wa mlevi kama wao. Tony akaandika orodha ya alama 14 za watu wa namna hiyo. Tukiieleza kwa maneno yetu: wanaogopa wenye mamlaka, wanatishwa na mtu akipaza sauti, wanatafuta kusifiwa na kila mtu, wanajiona wana kosa wakikataa jambo, wanachanganya upendo na huruma, wanakuwa walevi au wanaolewa na walevi. Tumeisoma orodha hiyo tukawaona watumishi wetu hodari: yule asiyeweza kumwambia mchungaji hapana, yule anayefagia kanisa peke yake mpaka usiku.

Katika vikundi hivyo hakuna malipo. Mtu anaongea, wengine wanasikiliza. Hakuna anayemkatiza wala kumpa shauri. Kwetu hilo lingekuwa gumu, maana sisi ni wepesi wa kuweka mikono.

Wengine watasema mtoto anayesimulia ulevi wa baba anavunja amri ya kuheshimu wazazi, na watamtaja Nuhu. Tumtaje basi. Shemu na Yafethi walimfunika baba yao, lakini walijua wanachofunika. Hawakuambiwa kwamba hapakuwa na divai hemani. Kuzungumza chumbani na ndugu wachache si kumtangaza baba barabarani. Kanisani kwetu kuna kikundi cha akina mama, cha vijana, na cha kuombea wanywaji. Cha hawa hakipo.

Na Bill Wilson mwenyewe? Baba yake alikuwa mnywaji. Aliondoka nyumbani Bill akiwa na umri wa miaka 10 hivi, na kijana akalelewa na babu na nyanya katika kijiji cha Vermont. Alikufa mwezi wa 1 mwaka 1971, miaka kama 7 kabla watu kama yeye hawajapata chumba chao New York.