Mizani ya Uhuru katika Nyanda za Juu Kusini

Uhuru wa nchi hupimwa kwa namna nyingi. Tangu mwaka 1973 shirika moja la Marekani, Freedom House, limekuwa likizipa nchi za dunia alama, moja ikiwa ya uhuru mkubwa na saba ya uhuru hafifu kabisa. Alama hizo hatuzidharau. Lakini sisi tutungao mashairi twajua kwamba ubeti waweza kutimia vina na mizani, na bado usiwe na neno ndani yake. Kwa hiyo twawaomba walimu na wanafunzi tushuke pamoja hadi mashambani, Iringa na Mbeya, tuitazame siasa pale ambapo kiongozi na mkulima walisimama ana kwa ana.

Watu wa Nyanda hizi hawakungoja kufundishwa maana ya kujitawala. Ushindi wa Wahehe wa Mkwawa juu ya Wajerumani pale Lugalo, Agosti 1891, waujua kila mtoto wa shule. Mila ya Wanyakyusa wa Rungwe haijulikani kiasi hicho. Huko vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na mtu asiyepatana na jirani zake aliweza kufungasha na kuhamia kijiji kingine. Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa pepo. Mara nyingi aliyehama alikuwa ametuhumiwa uchawi. Hata hivyo mlango wa kuondokea ulikuwapo.

Sasa tuje Isimani, bonde la mahindi lililo kaskazini ya mji wa Iringa, ambako tangu miaka ya 1950 wakulima wenye matrekta walikuwa wamefungua mashamba makubwa. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwaonea watu. Mwaka huo huo vijiji vya ujamaa vilikuwa vikisukumwa Isimani kwa haraka, na mashamba ya watu binafsi yakiingizwa katika ardhi ya vijiji. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, alimkuta Saidi Mwamwindi akilima shambani kwake. Wakagombana. Mwamwindi akachukua bunduki akamwua, kisha akaupakia mwili garini na kuupeleka mwenyewe kituo cha polisi mjini Iringa.

Twaliona jambo hili kuwa msiba wa pande mbili. Kleruu alikuwa msomi aliyeuamini ujamaa kwa dhati. Mwamwindi alikuwa na jembe lake na ghadhabu yake. Kati yao hapakuwa na mtu wa tatu wala baraza la kusikiliza shauri kabla halijafikia risasi. Baraza lilikuja baadaye. Mahakama Kuu ilikaa Iringa mwaka 1972, na Jaji Onyiuke, mzaliwa wa Nigeria, akausikiliza utetezi kwamba mshtakiwa alikuwa ametukanwa na kuchokozwa. Utetezi haukukubaliwa, na Mwamwindi akanyongwa.

Yule mkulima walau alisikilizwa hadharani. Chini ya Sheria ya Kuweka Kizuizini ya mwaka 1962, mtu aliweza kufungiwa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Na Operesheni Vijiji ilipopita katika Nyanda hizi katikati ya miaka ya 1970, kuhama, ambako kwa Mnyakyusa wa kale kulikuwa hiari, kulikuwa sasa amri.

Hati ya haki za raia iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, ikaanza kutumika mahakamani Machi 1988. Kisha Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa 1991, ikazunguka nchi ikiuliza maoni. Takriban watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikawahesabu, na bado ikapendekeza vyama vingi, ikataja na sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Hapo ndipo twaona busara yake: ilitambua kwamba wale 20 nao ni wananchi. Hata hivyo, sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 ilimwachia mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, na sisi tuliokula mshahara wa serikali twajua jinsi saa hizo zinavyoogopwa.

Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, wilaya ya Mufindi, polisi walikuwa wakizuia shughuli ya chama cha upinzani. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa waandishi wa habari wa mkoa wa Iringa, alikuwa kazini. Akauawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake. Safari hii aliyesimama kizimbani mbele ya Mahakama Kuu, Iringa, alikuwa askari polisi. Mwaka 2016 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15.