Matairi Mapana, Madigadi Yale Yale

Ukitaka kuwachokoza mafundi wa magari ya zamani, waulize swali moja tu: Datsun 240Z inaweza kuvaa matairi mapana bila kukatwa madigadi? Mmoja atakwambia, lete grinda. Mwingine atashika kichwa kana kwamba umetaja kuchinja ng'ombe wa maziwa. Mimi niko na huyu wa pili, na sababu zangu nazitoa katika historia ya gari lenyewe.

Lilitoka Japani mwaka 1969. Injini ya silinda sita, lita 2.4, uzito wa kilo elfu moja na ushei, na bodi yenye upana wa milimita 1,630 tu. Chini ya bodi hiyo nzuri kiwanda kikatia matairi ya saizi 175, rimu za inchi 14 zenye upana wa inchi nne na nusu. Kwa macho ya leo hayo ni matairi ya teksi! Ukisimama nyuma ya gari unaliona tairi limejificha ndani kama kobe. Nafasi ile tupu ndiyo inayowatia vijana wazimu.

Lakini gari hilo hilo, msomaji, ndilo lililokuja kututia wazimu sisi wa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na yakazoeleka kufanywa Pasaka, wakati masika yanabisha hodi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z. Wa pili walikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao pia na 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Amin kushika nchi. Yeye na Lofty Drews walimaliza wakiwa sawasawa kwa pointi na Harry Källström, naye katika Datsun nyingine. Ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Tazama basi picha za lile gari namba 11 la 1971. Madigadi hayajapanuliwa hata kidogo. Matope hayataki upana: tairi jembamba hukata tope likatafuta ardhi ngumu, pana huelea juu yake. Lami ndiyo inayotaka upana. Na hata huko, watu hudhani tairi pana linagusa barabara kwa eneo kubwa mno. Si kweli sana. Uzito ukiwa ule ule na upepo ule ule, eneo halizidi sana. Linalobadilika ni umbo lake, linakuwa fupi na pana, na kwenye kona tairi halijinyongi ovyo.

Sasa hao wa grinda wana hoja moja wanayoipenda. Eti kiwanda chenyewe kilipanua! Ni kweli. Mwaka huo huo wa 1971 huko Japani ilitoka 240ZG, pua ndefu, na juu ya madigadi vipande vya kubandika, upana ukafika milimita 1,690. Lakini kwa nini? Sheria za mashindano zilitaka kitu kiuzwe kwanza kwa wateja ndipo kiruhusiwe kwenye uwanja wa mbio. Na mteja alipewa matairi gani chini ya mabawa yale? Yale yale 175! Mabawa yalikuwa kibali cha karatasi. Leo mtu anaiga kibali cha wenzake kwa kukata chuma chake mwenyewe.

Haya, tufanye hesabu. Kutoka 175 hadi 205 ni milimita 30; katikati ya rimu isipohama, ni 15 kila upande. Nje hakuna tatizo. Tatizo liko ndani, maana 240Z ina nguzo ya shokomzoba kwenye magurudumu yote manne, na springi imekalia kibakuli kilichochomelewa kwenye nguzo hiyo. Rimu za magari mengi ya siku hizi huingia ndani mno, zikagonga nguzo. Tafuta rimu ya inchi 15 kwa 7 ambayo uso wake wa kufungia nati uko katikati kabisa, uivishe 205/60. Tairi la zamani lina kimo cha sentimita 64 hivi, hili jipya karibu 63. Hata saa ya mwendo haidanganyi sana.

Ila usikate springi ili gari lilale chini! Na usipime kwa macho. Toa springi, funga gurudumu, inua kwa jeki mpaka mwisho wa mwendo wake, kisha zungusha usukani huku na huku. Likigusa, mara nyingi ni kule mbele, bamba la chini ya bampa.

Wapo wanaokunja ukingo wa ndani kwa nyundo, wakasema bodi haijaguswa. Huo ni uongo mdogo. Rangi hupasuka, maji yakaingia, na gari hili kutu ni ndugu yake wa damu. Madigadi ya mbele angalau yamefungwa kwa bolti, ukiyaharibu utatafuta mengine. Ya nyuma yamechomelewa: bati la nje na la ndani yanakutana pale pale ukingoni. Ukipitisha grinda umefumua mshono wa gari.

Gari la Herrmann lilirudi Japani. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan walilifungua, wakalifufua hadi likawaka na kutembea tena. Madigadi hawakuyapanua.