Leza: Kutoka Jinoni hadi Ufizini

Upasuaji wa ufizi, yaani nyama inayozunguka shingo za meno, ulitangulia leza kwa miongo mingi, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa tiba. Mwaka 1884 daktari Robicsek wa Vienna alieleza namna ya kukata ufizi ulioharibiwa na ugonjwa, na tangu hapo kazi hiyo ikafanywa kwa kisu, kilichoacha kidonda chenye kutoka damu.

Leza, chombo kinachotoa mwanga wa rangi moja katika mwale mwembamba, iliwashwa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, kwa kutumia fuwele ya yakuti nyekundu. Watafiti wa meno waliichangamkia upesi, wakitaraji ingechukua nafasi ya keekee ya kutobolea meno: mwaka 1964 Ralph Stern na Reidar Sognnaes waliijaribu juu ya enameli, tabaka gumu la nje la jino, na mwaka uliofuata Leon Goldman akaielekeza kwenye jino la mtu aliye hai. Joto lake, hata hivyo, lilihatarisha kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu, hivyo matumaini hayo yakafifia.

Mafanikio yalipatikana katika tishu laini. Mwale wa leza ya kabonidioksidi, iliyobuniwa na Kumar Patel mwaka 1964, hufyonzwa sana na maji, na kwa kuwa ufizi umejaa maji, seli zake hugeuka mvuke pale mwale unapogusa, huku joto likiziba mishipa midogo ya damu. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha leza iliyotengenezwa kwa ajili ya tishu laini za kinywa, na baadaye leza ndogo za dayodi zikaingia katika kliniki za kawaida, ambako zilitumika pia kwa urembo: kupunguza ufizi unaofunika meno kupita kiasi na kufifisha weusi wake.

Mpaka wa kukata, lakini, uliwekwa na mwili wenyewe. Vipimo vilivyochapishwa na Gargiulo na wenzake mwaka 1961 vilionyesha kwamba tishu zinazoshikamana na jino juu ya mfupa zina kimo cha takriban milimita 2, na eneo hilo likiingiliwa, ufizi huvimba au huota upya. Kwa hiyo, mfupa ukiwa karibu mno na mahali pa kukata, sharti nao upunguzwe, na ufizi ukionekana kupita kiasi kwa sababu taya la juu ni refu mno, leza pekee haitoshi.