Haruhi Suzumiya Alizaliwa Jaridani

Orodha nyingi za vitabu vya Haruhi Suzumiya huanzia mahali pamoja: Juni 2003, mwezi ambao riwaya ya Suzumiya Haruhi no Yūutsu iliingia madukani Japani chini ya nembo ya Sneaker Bunko, ya kampuni ya Kadokawa Shoten. Kwa kitabu, tarehe hiyo ni sahihi. Kwa mfululizo wenyewe si sahihi, na kosa hili dogo limezaa kubwa zaidi, yaani lile dai linalorudiwa mno kwamba Haruhi ni mtoto wa anime ya 2006.

Mwishoni mwa Aprili 2003, kabla kitabu hakijatoka, jarida la The Sneaker la kampuni hiyohiyo lilichapa hadithi fupi ya Nagaru Tanigawa iitwayo Suzumiya Haruhi no Taikutsu. Hapo ndipo wasomaji wa kawaida walipomwona Haruhi kwa mara ya kwanza. Nao hawakukutana naye darasani akijitambulisha kwa wenzake, kama tulivyozoea kusimuliwa. Walimkuta uwanjani, anacheza besiboli.

Hadithi hiyo inafaa kusomwa upya kwa jicho la msomaji wa Aprili ile. Haruhi amekiandikisha kikundi chake cha shule, SOS-dan, katika mashindano ya besiboli ya mtaani bila kumuuliza mtu. Timu ni ya kuokoteza: wanachama hawatoshi, mpaka dada mdogo wa Kyon, msimuliaji wetu, anavalishwa jezi. Wapinzani ni vijana wa chuo wanaoujua mchezo. Mabao yanapozidi upande wa pili, Haruhi ananuna, na kununa kwake si jambo la kupuuza, kwa maana kunaweza kuuvuruga ulimwengu mzima. Basi Yuki Nagato, msichana asiyesema ila kwa lazima, analifanyia gongo mambo yake, na tangu hapo kila anayelishika anaupeleka mpira nje ya uwanja. Msomaji wa jarida alitupwa katikati ya mambo haya yote wakati riwaya inayoeleza kwa kirefu Nagato ametoka wapi, na kwa nini hasira ya msichana mmoja iogopwe hivyo, bado haijafika dukani. Alianza safari katikati ya njia, na kwa maoni yangu mfululizo mzima umebaki na alama ya mwanzo huo.

Mazingira ya biashara yanajulikana, sitayarefusha. Riwaya nyepesi za Kijapani ni vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vyenye kurasa za picha za rangi mwanzoni na michoro ya nyeusi na nyeupe ndani. Michoro ya Haruhi ni ya Noizi Ito. Wachapishaji hutafuta waandishi kwa mashindano. Slayers ya Hajime Kanzaka ilikwisha kuonyesha njia tangu 1990: riwaya ndefu zinakwenda moja kwa moja kitabuni, hadithi fupi zinapita kwanza kwenye jarida la Dragon Magazine. Tanigawa, mzaliwa wa Nishinomiya mkoani Hyōgo, aliingia kwa mlango huo wa mashindano. Alitwaa tuzo kuu katika shindano la nane la Sneaker, tuzo ambayo waamuzi waliinyima miaka mingi kuliko waliyoitoa. Kabla yake walikuwa wameipata waandishi wawili tu. Juni hiyohiyo ya 2003, Dengeki Bunko, nembo ya kampuni nyingine, ilitoa kitabu chake kingine, Gakkō o Deyō! Mtu wa namna hii hakusubiri televisheni imvumbue.

Sasa tuingie kwenye suala la mpangilio, linalowasumbua wasomaji hadi leo. Juzuu ya pili, Tameiki, ilitoka Oktoba 2003, na matukio yake ni ya msimu wa tamasha la shule, mwezi wa Novemba. Juzuu ya tatu, Taikutsu, ilitoka Januari 2004 na kuturudisha nyuma, kuanzia Juni hadi likizo ya kiangazi. Wako wanaosema huu ni ufundi uliopangwa tangu awali, na wanataja Boogiepop ya Kouhei Kadono, ya 1998, iliyokwisha kuwazoesha wasomaji wakati uliokatwa vipandevipande. Hoja hiyo ninaiheshimu, kwani Tanigawa aliandikia wasomaji waliokwisha kuzoea michezo hiyo. Lakini fungua juzuu ya tatu uone imejengwaje: ni mkusanyo wa hadithi zilizopita jaridani, ikaongezwa moja mpya, ile ya kisiwani, kukijaza kitabu. Jarida lilikuwa na ratiba yake, na riwaya zilikuwa na yake. Mwandishi alikuwa akijenga nyumba kwa milango miwili kwa wakati mmoja.

Ufundi wake wa kweli ni jinsi alivyoiunganisha milango hiyo. Katika Sasa no Ha Rhapsody, mojawapo ya hadithi fupi hizo, Mikuru Asahina, mwanachama mwenzake wa SOS-dan, anamchukua Kyon na kumrudisha miaka mitatu nyuma, usiku wa tarehe 7 Julai. Huko anakutana na Haruhi akiwa bado mtoto wa shule ya kati, anamsaidia kuchora alama kubwa kwenye uwanja wa shule, na anapoulizwa jina anajiita John Smith. Inaonekana mzaha tu. Agosti 2004 ikatoka juzuu ya nne, Shōshitsu, ambayo wengi wanaiona bora kuliko zote, nami niko upande wao. Asubuhi moja ya Desemba Kyon anafika shuleni na kukuta Haruhi hayupo na hakuna anayemkumbuka. Akimpata hatimaye katika shule nyingine, hana ushahidi wowote wa kumfanya aamini, ila jina hilo: John Smith. Kitasa cha riwaya kubwa kinafunguliwa kwa ufunguo ulioachwa katika hadithi fupi ya jarida. Baada ya hapo, kuziita hadithi zile vijalizo ni kukosa kusoma.

Ndiyo maana sina subira na dai la anime. Studio ya Kyoto Animation ilipoanza kurusha vipindi vyake Aprili 2006, juzuu saba zilikuwa tayari zimechapishwa, na ya nane, Fungai, ilitoka mwezi uliofuata. Ni kweli mauzo yalipaa. Lakini hata uamuzi uliosifiwa sana, wa kuonyesha vipindi 14 bila kufuata mfululizo wa wakati, haukuwa mgeni kwa aliyemfuata Haruhi tangu jaridani.

Aprili 2007 ilitoka Bunretsu, kisa kikakatizwa katikati. Mwendelezo wake, Kyōgaku, ulitangazwa kwamba ungetoka Juni mwaka huohuo. Ukatoka tarehe 25 Mei 2011, juzuu mbili kwa pamoja, kila moja ikianza na zaidi ya nakala 500,000. Wengi walimkejeli mwandishi kwa kimya hicho. Mimi naona aliyekwisha kutoa juzuu nane katika miaka mitatu ana haki ya kupumua. The Sneaker ilichapa sehemu ya mwanzo ya Kyōgaku mwaka 2010, kisha ikafungwa mapema 2011, kabla kitabu hakijatoka.

Hata kifo cha jarida hakikukata uzi. Mwaka 2018 Kadokawa ilitoa toleo maalumu, The Sneaker Legend, na ndani yake mlikuwa na hadithi mpya ya Haruhi, iliyoingia katika Chokkan ya Novemba 2020. Na Novemba 2024, ilipotoka Gekijō, ndani yake zilikuwemo hadithi za jukwaani zilizochapwa The Sneaker katikati ya miaka ya 2000. Kwa karibu miaka 20 hadithi hizo zilikuwa mikononi mwa waliotunza majarida yao tu. Wanaoandaa orodha za vitabu hivi waanze na Aprili 2003, na maktaba zinazotupa majarida ya zamani zikibakiza vitabu ziache kufanya hivyo.