Pareto, kutoka unga wa kunguni hadi pampu ya mpuliza dawa

Asili ya pareto ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adria. Sumu yake, piretrini, hujaa katika kitovu cha njano cha ua hilo jeupe. Katika karne ya 19 maua yalikaushwa na kusagwa, na unga ukauzwa Ulaya kwa ajili ya kunguni, viroboto na chawa. Ulinyunyizwa kwenye nyufa za vitanda na mishono ya magodoro. Huko Japani, Eiichiro Ueyama alitengeneza udi wa mbu kwa unga huohuo mwaka 1890.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 zao hili lilifika Kenya, katika nyanda za juu za Nakuru. Pareto huhitaji baridi ili ichanue, na baridi ya mwinuko karibu na ikweta haina msimu mmoja. Wachumaji walivuna kwa miezi mingi, ilhali Dalmatia na Japani walivuna mara moja tu kwa mwaka. Vita Kuu ya Pili ilipoliondoa ua la Japani sokoni, majeshi ya Washirika yalitegemea la Afrika Mashariki. Ndipo Goodhue na Sullivan, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walipotia piretrini na mafuta ya ufuta katika kopo lenye gesi iliyogandamizwa. Makopo ya dawa ya mbu yanayouzwa madukani leo yametokana na hilo.

Piretrini ina udhaifu mmoja: jua huivunja kwa saa chache. DDT, ambayo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba huua wadudu, ilikaa ukutani kwa miezi, tena kwa bei nafuu. Ilishangiliwa kupita kiasi. Kunguni sugu walionekana baada ya miaka michache tu, na kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na mazingira, Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972.

Wanakemia walirudi kwenye ua. Katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake waliunda pemethrini mwaka 1973 na deltamethrini mwaka uliofuata: piretroidi, yaani piretrini za maabara, zisizoogopa jua. Zikaingia katika pampu za wapuliza dawa za majumbani, na wakulima wa pareto wakapoteza sehemu kubwa ya soko.

Sumu hizi zote, DDT ikiwemo, huzuia milango ya sodiamu kwenye neva isifungike; mdudu hutetemeka, huanguka chali na kufa. Kunguni wengi wa leo wamerithi milango iliyobadilika, isiyoshikwa vizuri na DDT wala piretroidi. Dhidi yao, kununua chapa nyingine ya kundi lilelile ni kupoteza fedha.