Mkebe Ulioishi Kuliko Biskuti

Chanzo cha yote ni biskuti kusagika njiani. Mwaka 1822 Joseph Huntley alifungua duka la biskuti katika mtaa wa London Street, mjini Reading, Uingereza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya wageni ya Crown, waliposimama farasi wa magari ya kwenda Bath na kurudi London. Kijana wa dukani alikuwa akivuka na kikapu kuwauzia abiria. Wenye kuzionja wakataka nyingine za kufikisha nyumbani, ila mfuko wa karatasi hauhimili unyevu wala mtikisiko wa gari la farasi. Mwana mdogo wa Huntley, naye Joseph, alikuwa na duka la vyuma mtaa huohuo. Mnamo 1832 akaanza kukata bati na kutengeneza mikebe ya duka la babake.

Ndipo zikazaliwa koo mbili za kazi. Mwaka 1841 mwana mkubwa, Thomas, aliingia ubia na George Palmer, na uokaji ukaitwa Huntley & Palmers. Karakana ya mdogo ikaja kuitwa Huntley, Boorne & Stevens. Hawa wanaoka, wale wanafunga.

Kwa miaka mingi mkebe ulivaa lebo ya karatasi, ambayo ikiloa hubanduka. Mwaka 1868 ukatoka mkebe wenye nakshi juu ya bati lenyewe, kazi ya Owen Jones, yuleyule aliyepanga rangi za ndani ya jumba la maonyesho la Crystal Palace mwaka 1851. Picha ilihamishwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bati kwa njia aliyoibuni Benjamin George George. Ulipendeza, lakini njia yenyewe ilikuwa ya taratibu mno kwa kiwanda chenye haraka.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo siri ya fani ilipo. Wachapaji wa zama hizo walichora kwenye jiwe, wakapaka wino, wakakandamiza karatasi juu yake. Karatasi ni laini, hupokea. Bati ni gumu na jiwe ni gumu. Vikikutana, wino haukai sawa. Mwaka 1875 Robert Barclay wa London alipata hataza ya ufumbuzi: wino utoke kwenye jiwe uende kwanza kwenye mviringo uliovikwa kadibodi, na kadibodi ndiyo iupeleke kwenye bati. Baadaye mpira ukachukua nafasi ya kadibodi. Karibu miaka 30 ilipita kabla wachapaji wa karatasi hawajaiokota hila hiyo na kuieneza duniani kwa jina la ofseti. Kwa hiyo vitabu vyetu vya leo vinachapwa kwa ujuzi uliotangulia kupita kwenye bati.

Bati lilipokubali rangi, mafundi wakaanza kucheza na umbo. Mnamo 1900 hivi ukatoka mkebe wa vitabu vinane vilivyofungwa kwa mkanda, hata migongo yake ina majina ya dhahabu. Usipougusa hutajua ni bati. Mikebe ya namna hii iliuzwa hasa msimu wa Krismasi, na kiwanda hakikuona haya: mnunuzi akimaliza biskuti, tangazo linabaki juu ya kabati lake miaka 40 bila kulipiwa kodi. Wakati huo wafanyakazi walipita 5,000, na timu ya mpira ya Reading iliitwa Wana-Biskuti.

Mikebe ilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Biblia nzima ya Kiganda, tafsiri ya George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta, ilitoka mwaka 1896 ikiwa nene na yenye upana mdogo, kama tofali dogo. Ilikatwa hivyo makusudi ili iingie katika mkebe wa biskuti, mchwa wasiile. Wakaiita Biblia ya mkebe wa biskuti. Sijui kitabu kingine kilichomtii fundi bati kiasi hicho. Debe la mafuta ya taa nalo lilifanya yake: lilipokwisha mafuta likageuka kipimo, na hadi leo mahindi yanauzwa kwa debe.

Uokaji Reading ulikoma mwaka 1976. Miaka minne baadaye jina lilelile lilitoa mkebe wa karamu bustanini, watoto na mabibi wa kizamani wakinywa chai. Ulishauzwa ndipo watu wakakodoa macho: nyuma ya maua, mchoraji alikuwa ameficha wapenzi wawili wasio na habari na chai, na mbwa wawili vilevile. Ukaondolewa madukani.

Wakusanyaji wana mazoea yao. Kwanza hugeuza mkebe kutazama kitako: ukiona mistari ya kusomwa na mashine ya dukani, huo ni wa juzi, hata kama umechorwa malkia Victoria. Kisha hujaribu kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana miili. Hawausugui kwa sabuni wala hawauweki dirishani, jua lisije likala rangi. Jumba la makumbusho la Reading lina chumba kizima cha Huntley & Palmers, mikebe zaidi ya 300. Na ule wa bustani ulioondolewa kwa aibu, akiuona mezani kwenye mnada, mkusanyaji hutoa kioo chake cha kukuzia na kwenda moja kwa moja kwenye kichaka.